Namba kamili zenye alama na zisizo na alama: ipi uchague, na katika lugha ipi ya programu

Katika lugha nyingi za programu, mtu anayetangaza kigeu (jina linalohifadhi thamani) cha namba kamili hulazimika kuchagua kati ya aina mbili. Ya kwanza ni namba zenye alama, ambazo huweza kuwa chanya, sifuri au hasi. Ya pili ni namba zisizo na alama, ambazo huanzia sifuri na kupanda juu tu. Kwa biti 8 (biti ni tarakimu moja ya 0 au 1 kwenye kumbukumbu), aina ya kwanza hubeba namba kutoka -128 hadi 127, na ya pili kutoka 0 hadi 255. Kwa biti 32, ya kwanza hukomea 2,147,483,647 na ya pili 4,294,967,295. Wengi wetu tulifundishwa kanuni inayoonekana kuwa ya busara: kitu kisichoweza kuwa hasi, kama idadi ya wanafunzi, umri wa mtu, urefu wa neno au salio la akaunti, kipewe aina isiyo na alama. Naamini kanuni hiyo inapotosha, na kwamba uchaguzi mzuri hutegemea maswali mawili mengine: mpaka wa namba uko wapi, na lugha unayoitumia hufanya nini hesabu inapouvuka mpaka huo.

Mpaka ulio karibu na mpaka ulio mbali

Hesabu zisizo na alama huenda kama saa ya ukutani. Saa tisa ukiongeza saa tano unafika saa mbili, na saa tatu ukiondoa saa tano unarudi saa kumi. Kompyuta hufanya vivyo hivyo, ila uso wa saa yake, kwa biti 32, una nafasi 4,294,967,296. Kwa hiyo sifuri ukiondoa moja unapata 4,294,967,295. Hakuna kilichoharibika hapo, kwa kuwa hiyo ndiyo maana rasmi ya hesabu hizo. Tatizo ni mahali mpaka ulipowekwa. Kwa namba zenye alama, mpaka uko zaidi ya bilioni mbili mbali na sifuri, upande wa juu na upande wa chini. Kwa namba zisizo na alama, mpaka mmoja uko kwenye sifuri yenyewe, na sifuri ndipo kazi za kila siku zinapofanyika: orodha tupu, salio lililokwisha, tofauti ya vitu viwili vinavyokaribiana.

Chukua mfano wa pochi ya fedha kwenye simu. Salio ni shilingi 500, mteja anataka kutuma 700, na mwandishi wa programu ameandika sharti lisemalo `salio - kiasi >= 0`. Vigeu hivyo vikiwa na alama, tofauti ni -200 na muamala unakataliwa. Visipokuwa na alama, tofauti ni 4,294,967,096, sharti linatimia, na fedha zisizokuwapo zinatumwa. Zaidi ya hayo, sharti lenyewe halina maana, kwa sababu namba isiyo na alama haiwezi kamwe kuwa chini ya sifuri. Mwandishi amejidhania kuwa anakagua jambo, kumbe hakagui kitu. Ukiandika `salio >= kiasi`, aina zote mbili hutoa jibu sahihi, na hiyo ni tabia njema ya kujizoeza bila kujali aina uliyoichagua: linganisha kwanza, toa baadaye.

Sababu nyingine ambayo watu huitoa kwa kuchagua namba zisizo na alama ni kupata nafasi maradufu kwa upande wa juu. Kwa anayeshughulikia shilingi za Tanzania au za Uganda, hoja hii inastahili kupimwa kwa makini. Bilioni 2.1 si kiasi kikubwa kwa kampuni inayojumlisha mauzo ya mwaka mzima, na ukihifadhi fedha kwa senti, biti 32 zenye alama hukomea shilingi 21,474,836 na senti 47, kiasi ambacho muamala mmoja tu wa kununua gari unaweza kukipita. Hata hivyo, kuondoa alama hukuongezea biti moja tu. Mfumo unaofurika (unaovuka mpaka wa namba zake) kwenye bilioni 2.1 leo utafurika kwenye bilioni 4.2 biashara ikikua kidogo. Ukihamia biti 64 zenye alama unafika 9,223,372,036,854,775,807, na suala la nafasi linakwisha. Kwa hiyo, anayechagua namba zisizo na alama kwa ajili ya nafasi pekee amechagua dawa dhaifu yenye madhara mapya, isipokuwa anapoandikia kifaa kidogo ambacho kila baiti ya kumbukumbu inahesabiwa.

C na C++: aina mbili zinapokutana

Lugha ya C ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa kuliko zote, kwa sababu huruhusu aina mbili kuchanganywa kimyakimya. Namba yenye alama inapokutana na isiyo na alama ya ukubwa uleule au mkubwa zaidi, ile yenye alama hugeuzwa kwanza. Ndiyo maana usemi `-1 < 1u` hutoa jibu kwamba si kweli (`u` huonyesha namba isiyo na alama): -1 imekwisha geuzwa kuwa 4,294,967,295 kabla ya kulinganishwa. Vivyo hivyo, `strlen(a) - strlen(b) > 0`, ambao unakusudia kuuliza kama neno la kwanza ni refu kuliko la pili, huwa kweli wakati wowote urefu wa maneno hayo unapotofautiana, kwa sababu urefu hutolewa kwa aina ya `size_t` isiyo na alama.

Mgawanyo ndio unaonihuzunisha zaidi, kwa kuwa huharibu majibu ya kisayansi bila dalili yoyote. Tuseme kituo cha hali ya hewa karibu na kilele cha Kilimanjaro kimetoa vipimo vitano vya joto la usiku ambavyo jumla yake ni nyuzi -10. Wastani ni -2. Mwandishi wa C++ akigawanya jumla hiyo ya aina ya `int`, yenye alama, kwa `joto.size()`, yaani idadi ya vipimo isiyo na alama, kwenye mashine ya biti 64, jumla hugeuzwa kwanza kuwa namba isiyo na alama, na mgao unakuwa 3,689,348,814,741,910,321. Jibu kama hilo huonekana mara moja likichapishwa lilivyo. Lakini likiingizwa katika hesabu nyingine, likakatwa biti na kulinganishwa na kiwango cha tahadhari, linaweza kupita miezi bila kugunduliwa, hasa pale ambapo majaribio yote yalifanywa kwa vipimo vya joto vya Dar es Salaam ambavyo havishuki chini ya sifuri.

Kitanzi kinachohesabu kurudi nyuma ni mtego mwingine unaojulikana sana:

`for (size_t i = n - 1; i >= 0; i--)`

Kitanzi hiki hakiishi, kwa kuwa `i` haiwezi kuwa chini ya sifuri; na kama safu, yaani orodha yenye vitu `n`, ni tupu, huanzia kwenye namba kubwa kuliko zote. Anayetaka kubaki na aina isiyo na alama aandike `for (size_t i = n; i-- > 0; )`, ambapo ulinganisho hufanyika kabla ya kutoa. Ni mtindo sahihi, ingawa msomaji mpya huutazama mara mbili kabla ya kuuamini.

Kuna utata mwingine ambao hata wazoefu husahau. C hupandisha namba ndogo za biti 8 na 16 ziwe `int` kabla ya kuzifanyia hesabu. Kwa sababu hiyo, vigeu viwili vya `uint8_t` (namba isiyo na alama ya biti 8), 10 na 20, vikitolewa kimoja kwa kingine hutoa -10, wakati vigeu vya `uint32_t` vyenye thamani zilezile hutoa 4,294,967,286. Aina zote mbili zimeandikwa kuwa hazina alama, na bado zinatenda tofauti kwa sababu ya upana wake tu. Tena, `uint16_t` mbili zenye thamani ya 65,535 zikizidishwa hupandishwa kuwa `int` yenye alama, na zao lake, 4,294,836,225, hupita uwezo wa `int` ya biti 32. Hapo programu imeingia katika tabia isiyoainishwa, ingawa mwandishi hakutangaza kigeu chochote chenye alama.

Tabia hiyo isiyoainishwa ndiyo kasoro ya upande wa pili, na haifai kuificha. Katika C na C++, namba isiyo na alama ikifurika, jibu lake linajulikana. Namba yenye alama ikifurika, kiwango rasmi cha lugha hakiahidi chochote. Kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo kwa lugha ya mashine, ina haki ya kudhani kwamba `x + 1 > x` ni kweli daima, na kuufuta ukaguzi ulioandikwa ili kugundua kufurika. C++20 na C23 zimekubali kwamba namba hasi zihifadhiwe kwa njia moja tu, ile iitwayo kijalizo cha mbili (two's complement), lakini hazikubadilisha kanuni hii. Kwa hiyo ulinganisho ndani ya C ni huu: namba zenye alama zina mpaka ulio mbali lakini wa hatari, na namba zisizo na alama zina mpaka ulio karibu lakini unaotabirika.

Mwaka 2002 ulitoa mfano wa kila upande. OpenSSH, programu ya kuingia kwa usalama kwenye kompyuta ya mbali, ilikuwa na kasoro ambapo idadi ya majibu yaliyotumwa na mteja ilizidishwa kwa ukubwa wa kila kipengele ili kuomba kumbukumbu; idadi ikiwa kubwa mno, zao lilizunguka na kuwa dogo, kumbukumbu ndogo ikatengwa, kisha data nyingi ikaandikwa juu yake. Toleo la 3.4 lilirekebisha jambo hilo. Mwaka huohuo FreeBSD, mfumo endeshi wa kompyuta, ilitangaza kasoro iliyotoka upande wa pili: urefu uliotolewa na programu ya mtumiaji ulihifadhiwa kwa namba yenye alama, thamani hasi ikapita ukaguzi wa kuwa ndogo kuliko kikomo, kisha ikachukuliwa kama namba isiyo na alama wakati wa kunakili, na sehemu ya kumbukumbu ya kiini cha mfumo ikaweza kusomwa. Kasoro ya kwanza ilitokana na mzunguko wa namba zisizo na alama, ya pili na kuvuka kutoka aina moja hadi nyingine. Ni ya pili ambayo naiona mara nyingi zaidi katika msimbo wa kawaida.

Ndani ya jumuiya ya C++ yenyewe mwelekeo umekuwa wazi. Bjarne Stroustrup, aliyeibuni lugha hiyo, ameandika akitetea ukubwa na namba za nafasi ziwe zenye alama, na mwongozo wa Google wa uandishi wa C++ unakataza kutumia aina isiyo na alama kwa lengo la kusema tu kwamba kitu hakiwi hasi. Maktaba ya lugha haiwezi kubadilishwa bila kuvunja programu zilizopo, lakini C++20 imeongeza `std::ssize`, inayotoa ukubwa wenye alama, na `std::cmp_less`, inayolinganisha namba za aina tofauti kama zinavyolinganishwa kwenye karatasi. Anayeanza mradi mpya wa C++ leo sioni kwa nini asizitumie.

Java, C# na Go: njia tatu za kuepuka mchanganyiko

Java ilichukua hatua kali zaidi. Ukiacha `char`, ambayo ni ya biti 16 isiyo na alama, lugha hiyo haina kabisa namba kamili zisizo na alama. James Gosling, aliyeibuni Java, alieleza uamuzi huo kwa kusema kwamba waandishi wengi wa C hawakuwa wakijua kwa uhakika kanuni za hesabu hizo. Faida yake ni kubwa: mtego wote wa mchanganyiko nilioueleza hapo juu hauwezi kutokea. Gharama yake huonekana pale unaposoma baiti kutoka kwenye faili au mtandao, kwa sababu baiti ya thamani 200 husomwa kuwa -56, na ni lazima uandike `b & 0xFF` ili kuirudisha. Java 8, iliyotoka mwaka 2014, iliongeza funksheni kama `Integer.compareUnsigned` na `Integer.divideUnsigned` kwa wanaohitaji kuzichukulia biti hizo kana kwamba hazina alama.

Kuondoa namba zisizo na alama hakujaondoa kufurika. Mwaka 2006 Joshua Bloch, mmoja wa walioandika maktaba za Java, alieleza kwamba utafutaji wa nusu-kwa-nusu uliokuwa katika maktaba ya Java ulikuwa na kasoro kwa miaka tisa hivi: ulikokotoa nafasi ya katikati kwa `(low + high) / 2`, na kwenye safu kubwa sana jumla hiyo ilifurika na kuwa hasi. Mojawapo ya marekebisho aliyoyapendekeza ni `(low + high) >>> 1`, yaani kuhamisha biti kwa namna ya namba zisizo na alama. Napenda mfano huu kwa sababu unaonyesha kwamba hata katika lugha isiyo na aina hizo, kuna wakati hesabu zake ndizo zinazotoa jibu sahihi. Kwa kazi za fedha katika Java, `Math.addExact` na wenzake husimamisha hesabu inapofurika, na ningezitumia kila mahali ambapo kasi si suala.

C# inazo aina zote mbili, lakini `int` na `uint` zikikutana zote hupanuliwa kuwa `long` ya biti 64, kwa hiyo `-1 < 1u` hutoa jibu kwamba ni kweli. Go imechagua kukataa: kigeu cha `int` hakilinganishwi na cha `uint` mpaka mwandishi mwenyewe akigeuze, na `len` hutoa `int`, hivyo kitanzi cha kurudi nyuma hufanya kazi kama mtu anavyotarajia. Lugha zote mbili, kwa mpangilio wake wa kawaida, huacha `uint` mbili zikitolewa zizunguke kimyakimya. C# inakuruhusu kuuzima mzunguko huo kwa neno `checked` au kwa mpangilio wa mradi mzima. Go haina kitufe cha namna hiyo, na huo ni upungufu wake kwa mifumo ya fedha.

Rust na Swift: kusimama kwenye mpaka

Swift husimamisha programu hesabu inapofurika, kwa namba zenye alama na zisizo na alama, katika toleo la majaribio na hata katika toleo linalopelekwa kwa watumiaji. Anayetaka mzunguko lazima auombe kwa `&+` au `&-`. Idadi ya vitu hutolewa kwa `Int`, na mwongozo wa lugha unashauri kutumia `Int` hata kwa thamani zinazojulikana kuwa haziwi hasi. Kwa maoni yangu, huu ndio mpangilio unaomlinda zaidi mwandishi wa programu za kawaida.

Rust ni kali kwenye aina lakini imeacha mlango mmoja wazi. Kulinganisha `i32` na `u32` bila kugeuza ni kosa, na ukiandika sharti kwamba kigeu kisicho na alama ni kikubwa kuliko au sawa na sifuri, kompaila inakuonya kuwa sharti hilo halina kazi. Toleo la majaribio husimama linapofurika. Toleo la kupeleka kwa watumiaji, kwa mpangilio wa kawaida, huzunguka. Mtu anayepima programu yake katika toleo la kwanza tu anaweza kushangazwa na la pili, kwa hiyo kwa mfumo wowote unaogusa fedha au afya ningeweka `overflow-checks = true` katika mpangilio wa mradi na kukubali gharama ndogo ya kasi. Zaidi ya hapo, Rust hutumia `usize` isiyo na alama kwa nafasi zote, hivyo `v.len() - 1` kwenye orodha tupu bado ni mtego. Kinachoiokoa ni wingi wa njia za kueleza nia yako: `checked_sub` hukurudishia jibu au kukujulisha kwamba hakuna jibu, `saturating_sub` hukomea sifuri, `wrapping_sub` huzunguka kwa ruhusa yako, na `abs_diff` hutoa tofauti bila kujali ipi ni kubwa. Msomaji wa msimbo haachiwi kubahatisha, na hilo nalithamini sana.

Python, na NumPy ndani yake

Namba kamili za Python hupanuka kadiri zinavyohitaji, kwa hiyo mjadala huu haumhusu mwandishi wa Python mpaka siku atakapofungua NumPy, maktaba ya hesabu za safu. Safu za NumPy zina upana maalumu kama za C, na picha kwa kawaida huhifadhiwa kwa `uint8`. Ukitoa picha moja kwa nyingine ili kuona kilichobadilika, pikseli ya 10 ikitolewa 20 huwa 246, na sehemu iliyofifia kidogo hujitokeza kama doa jeupe. OpenCV, maktaba ya kuchakata picha, hutenda tofauti kwenye data ileile: 250 ukiongeza 10 kwa funksheni ya `cv.add` unapata 255, na kwa alama ya kujumlisha ya NumPy unapata 4. Anayechanganua picha za hospitali au za satelaiti ageuze safu ziwe `int16` kabla ya kutoa. Jambo lingine la kuangalia ni kwamba safu ya `uint64` ikijumlishwa na ya `int64`, jibu huwa `float64`, aina ya namba za desimali ambayo huanza kupoteza usahihi wa namba kamili zinapopita 9,007,199,254,740,992. Vitambulisho vya miamala vyenye tarakimu nyingi vinaweza kubadilika hapo bila onyo.

MySQL na PostgreSQL

Kwa wengi wanaotengeneza mifumo ya maduka na shule, uamuzi huu hufanyika kwenye hifadhidata kabla haujafika kwenye lugha ya programu. MySQL inaruhusu safuwima kuwa `UNSIGNED`, na ni jambo la kawaida kuikuta kwenye idadi ya bidhaa. Katika matoleo ya sasa, bidhaa zikiwa 3 na swali likakokotoa `idadi - 5`, MySQL hukataa kwa kosa la kwamba thamani imetoka nje ya mipaka ya `BIGINT UNSIGNED`. Matoleo ya zamani kabla ya 5.5 yalikuwa yakirudisha namba ya tarakimu 20. Kukataa ni afadhali, lakini hukataa hata pale unapotaka tu ripoti inayoonyesha upungufu wa bidhaa, ambapo -2 ndilo jibu unalolitafuta.

PostgreSQL haina aina hiyo. Ndani yake unaandika `CHECK (idadi >= 0)`, na ukaguzi hufanyika wakati wa kuhifadhi, huku hesabu za katikati zikibaki huru kwenda chini ya sifuri. Naiona njia hii kuwa bora kwa sababu inatenganisha mambo mawili ambayo `UNSIGNED` inayachanganya: kanuni ya biashara kwamba bidhaa ghalani haziwi pungufu ya sifuri, na aina ya hesabu inayotumika kukokotoa. MySQL nayo husimamia `CHECK` tangu toleo la 8.0.16, kwa hiyo anayebaki huko anaweza kutumia mtindo uleule.

Pale namba zisizo na alama zinaposhinda

Zipo kazi ambazo mzunguko ndio hasa unaotakiwa. Kwenye Arduino, bodi ndogo ya kudhibiti vifaa, `millis()` huhesabu milisekunde kwa biti 32 zisizo na alama na kurudi sifuri baada ya takriban siku 49.7. Kifaa cha kumwagilia shamba kinachokaa msimu mzima bila kuzimwa kitavuka mpaka huo. Ukiandika `millis() >= mwanzo + muda`, hesabu huharibika siku hiyo; ukiandika `millis() - mwanzo >= muda`, haiharibiki. Ikiwa mwanzo ulikuwa 4,294,967,000 na sasa saa inasoma 200, tofauti inatoka 496, ambayo ndiyo muda halisi uliopita. Kwa namba zenye alama za C, kuvuka mpaka wake kwa hesabu ya namna hiyo kungekuwa tabia isiyoainishwa. Angalizo moja ni kwamba anayehamisha msimbo kama huo kwenda kwenye vigeu vya `uint16_t` kwenye mashine ya biti 32 akumbuke kule kupandishwa kuwa `int`, na airudishe tofauti kuwa `uint16_t` kabla ya kulinganisha.

Namba za mfuatano za TCP, itifaki ya kusafirisha data mtandaoni, hufuata mantiki hiyohiyo kwa biti 32. Anwani za IPv4, rangi, heshi (alama fupi inayokokotolewa kutoka kwenye data), usimbaji fiche na miundo ya faili pia zinahitaji aina isiyo na alama, kwa kuwa ndani yake biti ni biti na hakuna anayeuliza kama thamani ni hasi. Anwani 192.168.1.1 ni 3,232,235,777. Ukiisoma kwa `int` ya Java unapata namba hasi, na upangaji wa anwani unavurugika.

Fedha kwenye mikataba ya Ethereum (programu zinazoendeshwa kwenye mtandao wa sarafu ya kidijitali) ni kisa cha pekee, kwa sababu lugha ya Solidity imejengwa juu ya `uint256`. Aprili 2018, mkataba wa sarafu ya BeautyChain ulizidisha idadi ya wapokeaji, wawili, kwa kiasi cha 2 kwa kipeo cha 255. Zao likazunguka likawa sifuri, ukaguzi wa salio ukapita, na kila mpokeaji akaandikiwa kiasi hicho kikubwa kupita sarafu zote zilizokuwapo. Tangu toleo la 0.8.0 la Desemba 2020, Solidity hubatilisha muamala unapofurika, na anayetaka mzunguko lazima auzungushie `unchecked`. Anayerithi mkataba wa toleo la zamani aangalie namba ya toleo kabla ya kuangalia kitu kingine chochote.

Kuchagua, kwa mradi mpya na kwa wa zamani

Kwa mradi mpya, idadi, fedha, umri, nafasi kwenye orodha na kila kitu utakachokitoa au kukigawanya ningekipa namba zenye alama za biti 64, na kanuni ya kutokuwa hasi ningeiandika wazi kama ukaguzi. Vihesabio vya muda, vitambulisho vya itifaki na biti ghafi ningevipa namba zisizo na alama zenye upana uliotajwa, kama `uint32_t`, kamwe si `unsigned long`, ambayo upana wake hubadilika kutoka mashine hadi mashine.

Msimbo wa zamani wa C au C++ usibadilishwe aina zake zote kwa mkupuo, kwa sababu kila ubadilishaji huunda mahali papya ambapo aina mbili zinakutana. Washa kwanza onyo la `-Wsign-compare`, ambalo kompaila ya GCC huliwasha kwa `-Wall` katika C++ lakini katika C huhitaji `-Wextra`, kisha `-Wsign-conversion` faili kwa faili, ukianza na yale yanayogusa fedha na data kutoka nje. Endesha majaribio kwa `-fsanitize=undefined`, inayogundua tabia isiyoainishwa, na ukiwa na kompaila ya Clang ongeza `-fsanitize=unsigned-integer-overflow`, ambayo itapiga kelele pia kwenye heshi na vihesabio ambako mzunguko ni halali, kwa hiyo utahitaji kuvitenga. Katika majaribio hayo weka orodha tupu, salio la sifuri, thamani mbili zinazolingana, na jozi ambayo ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza kwa moja.